Walinirudisha kwa Sababu ya Chinsaga

Nchi ya mume wangu sitaitaja. Si kwa woga. Nina wakwe huko na ninawapenda, na sitaki msomaji adhani kila mwenyeji wa huko anafanana na yule afisa aliyenizuia asubuhi ile. Nitasema tu kwamba ni nchi ya baridi, na kwamba nilifika mlangoni pake nikiwa na viza halali, tiketi ya kurudi, na sanduku nililolipanga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi nina duka mjini Nyamira. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Watu huniletea jani la mgomba lililoungua pembeni wakaniuliza ni ugonjwa gani, au hunionyesha kwa kukohoa wenyewe jinsi ndama wao anavyokohoa, na mimi huwaambia. Kazi hii nimeifanya tangu nilipomaliza chuo, na ninaiweza.

Mume wangu nilimpatia humo humo dukani. Alikuwa amekuja na mradi wa kuhifadhi chemchemi, na siku hiyo alitaka mpira wa kunyunyizia maji. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kwa hiyo akaniomba "nyoka wa maji." Nilicheka mpaka nikashika meza. Angekuwa mtu wa majivuno angeondoka, lakini naye alicheka, na kesho yake akarudi kununua koleo ambalo hakulihitaji. Tulifunga ndoa kanisani, juu kilimani Nyanchwa, kwaya ikiimba mpaka waumini wakasahau kukaa. Tukajenga nyumba yetu kwenye mteremko, chini kidogo ya chai ya mama yangu.

Kisha mama yake akaanguka kwenye ngazi za nyumba yake huko kwao, akavunjika nyonga. Ni mjane na mtoto wake ni huyo mmoja. Mume wangu alisafiri kwenda kumwuguza akisema atarudi kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi yakakomaa, tukayavuna, tukapanda mengine, na nyonga ya mama mkwe ilikuwa bado inamsumbua. Tulizungumza kwa simu kila jioni, na jioni moja nikamwambia, "Mimi nakuja. Wiki tatu, nimwone mama, nikuone na wewe, nirudi dukani kabla ya msimu wa kupanda." Tulishughulikia karatasi, wakanipa viza ya kutembea. Hakukuwa na jambo la kuficha.

Wanawake wa kanisa walikuja kuniombea Sabato alasiri. Mama yangu alipika, akasali kwa sauti kuliko wote, na asubuhi ya safari aliingia chumbani kwangu akasema anataka kunikunjia leso vizuri. Nikamwachia. Sikuangalia tena.

Afisa aliyenihoji nilipotua uwanja wa ndege wa huko alikuwa mwanamume mwenye miwani myembamba na adabu nyingi. Aliniuliza nakwenda kwa nani, nikamwambia kwa mume wangu.

"Mume wako anaishi hapa, na wewe unasema utakaa wiki tatu tu?"

"Ndiyo."

"Kisha umwache?"

"Nimwache na mama yake. Ni mgonjwa. Mimi nina duka."

Aliandika. Mwenzake, msichana aliyefunga nywele nyuma, akafungua sanduku langu. Akatoa majani ya chai ya nyumbani, akayanusa, akayaweka kando. Akatoa unga wa wimbi, naye akauweka kando. Halafu akaikunjua ile leso, na katikati yake kulikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa, kimefungwa kwa uzi wa mgomba. Nilivyoona lile fundo tu, nilijua ni mkono wa nani.

"Hiki ni nini?" afisa akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni dawa ya kienyeji, au ni hirizi, akapata la kuwasimulia wenzake. Lakini mtu akiniuliza habari za mbegu, mimi hujibu.

"Ni mbegu za chinsaga," nikasema. "Ni mboga ya kwetu. Majani yake huliwa."

"Na mbegu?"

"Mbegu hupandwa."

"Zipandwe wapi?"

"Nadhani mama amemtumia mama mkwe wangu. Ana bustani nyuma ya nyumba."

Akaegemea mbele. "Zinachukua muda gani mpaka kuvunwa?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu mteja yeyote aliyesimama mbele ya meza yangu. "Kwetu, mwezi mmoja na siku kidogo unaanza kuchuma. Hapa kwenu, kwa baridi hii, nadhani itafika miezi miwili. Lakini ukishaanza, unaendelea kuchuma, mradi usiache itoe maua."

Aliandika hayo yote, polepole, halafu akainua macho. "Umesema unakaa wiki tatu."

Hapo ndipo nilipoona shimo, nami nilikuwa nimeshatumbukia.

"Si mimi nitakayeila mboga hiyo," nikasema.

"Nani basi? Mkwe wako anaijua mboga hii?"

"Haijui."

"Anajua kuipika?"

"Hajui."

Yule msichana wa nywele za nyuma alitazama chini, na mpaka leo naamini alikuwa anazuia kicheko. Afisa hakucheka. Aliniuliza maswali mengine mengi: nani anauza dukani nikiwa sipo, shamba ni la nani, kwa nini sina mtoto niliyemwacha nyumbani. Hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu nalo ni jambo letu mimi na mume wangu, na tumelilia vya kutosha faraghani. Nikamwambia, "Hilo halihusu mlango wako." Sikupaza sauti. Aliliandika nalo.

Mwishowe aliniambia kwamba hawajaridhika kuwa nimekuja kwa ziara. Mke anayemfuata mume na mbegu mkononi, alisema, anakuja kukaa. Nitarudishwa kwa ndege ya alasiri hiyo hiyo.

Walinipeleka kwenye chumba chenye viti vya plastiki na dirisha lisilofunguka. Waliniruhusu kupiga simu. Mume wangu alipokea kabla haijalia vizuri.

"Uko wapi?" akauliza. "Watu wa ndege yako wote wameshatoka."

"Wewe uko wapi?"

"Karibu na duka la maua, mbele ya mlango wa kutokea."

Wakati huo huo tangazo likapita kwenye vipaza sauti, la mtu aliyepoteza mkoba. Nililisikia juu ya kichwa changu, na nikalisikia tena ndani ya simu, nyuma ya pumzi ya mume wangu. Nilikuwa nimevuka bahari na jangwa, na kilichobaki kati yetu kilikuwa ukuta. Nilimweleza. Akaanza kusema kwa lugha yao, maneno ambayo hajawahi kunifundisha.

"Acha," nikamwambia. "Usigombane na mtu. Ukikamatwa nani atampikia mama? Rudi nyumbani, mwambie nilifika mpaka mlangoni. Mwambie nimemsalimu."

"Ngoja nimtafute wakili."

"Mtafute kesho. Leo nenda kwa mama."

Nilipokata simu nilikwenda msalani nikalia, kilio kifupi, nikanawa uso na kujifuta kwa leso ile ile ya mama. Nilipotoka, yule afisa alikuja na karatasi ya kutia sahihi, akaniuliza kama nina la kusema.

"Ninalo," nikasema. "Sikuja kuiomba nchi yako. Nchi ninayo, na mvua yake ni nzuri kuliko hii. Nilikuja kumwona mgonjwa."

Nilitia sahihi kwamba nimesoma, sikutia kwamba nimekubali. Chai na unga walinirudishia. Mbegu walibaki nazo.

Nilifika Nairobi, na kabla sijapanda gari la kwenda Kisii nikampigia binamu yangu anayeishi Nyanchwa, mwanamke tuliyekua pamoja. Alinisikiliza, akapiga mluzi, halafu akaja na shauri lake.

"Usiende Nyamira. Njoo kwangu, ukae ndani hizo wiki tatu. Hakuna atakayejua. Siku yako ya kurudi ikifika tunapita sokoni Daraja Mbili, tunachagua makoti ya mitumba mawili matatu. Si yametoka huko huko? Utasema ni zawadi za mama mkwe."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege. Lilikuwa shauri zuri, na angelitekeleza vizuri kuliko mimi. Nililifikiria njia nzima. Nilipofika Kisii nikashuka, nikasimama stendi na sanduku langu, na nikajiona nimejifungia chumbani kwake, pazia limeshushwa mchana, nikiogopa kukohoa kwa sababu ya kosa nisilolitenda. Nikampigia tena. "Asante, dada. Nakwenda nyumbani."

Mama alikuwa kwenye chai. Aliponiona napanda mteremko na sanduku, aliweka kikapu chini, akaja upesi akiufuta mkono wake kwenye gauni. Alidhani mume wangu amekufa. Nilimwambia kila mtu ni mzima, kisha nikamketisha jikoni nikamweleza yaliyotokea. Nilisimulia miwani, maswali, chumba, ndege. Kifurushi nilikiruka.

Kisha akauliza, "Na mbegu zangu? Ulizikuta kwenye leso?"

"Nilizikuta."

"Zilifika?"

Nilikuwa nimekusudia kumkinga, lakini mama yangu humjua mtu anayemficha jambo, hata akiwa amempa kisogo. Nikamwambia ukweli, pamoja na maswali na majibu yangu. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mimi niliyekurudisha."

"Si wewe. Ulimtumia mkwe mboga. Tangu lini hilo limekuwa kosa?"

"Lakini ungesema hujui!"

"Mimi? Niseme sijui chinsaga? Na wateja wangu wakisikia?"

Alinitazama, machozi yamemsimama, halafu mabega yakaanza kumtikisika, na tukacheka wote wawili mpaka jirani akaja kuchungulia kuna nini. "Kwa hiyo mbegu zimeingia," mama alisema akijifuta, "na wewe ukarudi."

Kesho yake nilifungua duka. Nilijua habari ingefika Keroka, mji wa jirani, kabla ya saa sita, na nikaona heri ianzie kwangu. Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa letu, amekuja kutafuta dawa ya kupe.

"Tulisikia umekwenda ng'ambo," akasema kwa tahadhari.

"Nilikwenda, mzee. Walikataa kunifungulia."

"Kwa nini?"

"Waliona nitapenda kukaa."

Aliwaza. "Huko kwenye barafu?"

"Huko huko."

Alitikisa kichwa akalipa dawa yake. Wapo walioongeza chumvi, bila shaka. Mmoja alisema nimefukuzwa na mume, mwingine kwamba nilikuwa na karatasi bandia. Sabato iliyofuata nilisimama wakati wa shukrani, nikaeleza yote mbele ya kanisa mwanzo mpaka mwisho, nikaketi. Baada ya hapo uvumi ulikosa chakula.

Jioni nyingine mume wangu alipiga simu na nikasikia sauti ya mama yake nyuma, kali, ikimkatiza. Mama mkwe wangu alikuwa ameendesha basi la mjini maisha yake yote ya kazi, na huzungumza kama mtu anayeambia abiria wasogee ndani.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema amekaa kitini miezi yote hii akingoja mtu aje. Anasema sasa basi. Ana fimbo, ana pasipoti, daktari amemruhusu. Anasema kama hawamfungulii mkwe wake mlango, atatoka yeye."

"Mwambie njia ni ndefu."

Alimwambia. Sauti ile ikajibu kwa maneno machache.

"Anasema aliendesha basi kwenye theluji."

Nilikwenda kuwapokea Nairobi. Nilisimama kwenye uzio wa kungojea wageni, na ingawa nilijua hakuna sababu, niliogopa. Niliwaza: na mama mkwe je, wakimuuliza maswali na kumrudisha? Watu walitoka na mikokoteni yao, wakakumbatiwa, wakaondoka. Ndipo nikamwona, mrefu, mweupe kabisa kichwani, amekaa kwenye kiti cha magurudumu kwa hasira ya mtu aliyelazimishwa, fimbo magotini, mwanawe akimsukuma. Aliponiona alimwamuru asimame. Akainuka mwenyewe, akanikumbatia kwa nguvu nisizozitegemea.

Njiani mume wangu alinisimulia. Afisa wa kwetu alikuwa amemuuliza mama yake, kama anavyouliza wote, amekuja kufanya nini. Naye akajibu, mume wangu akitafsiri huku jasho likimtoka, "Nimekuja kumwona mke wa mwanangu, kwa sababu alipokuja kuniona mimi, walimrudisha mlangoni."

Afisa akatazama pasipoti, akamtazama yeye, akagonga muhuri. "Karibu nyumbani, mama," akasema. "Huyo mkwe ni wa wapi?"

"Nyamira."

"Basi utakula ndizi mpaka uchoke."

Nyumbani, mazungumzo yalikuwa safari. Mama yangu husema Kigusii; Kiswahili anakijua cha sokoni. Mimi nilikigeuza kuwa Kiingereza, mume wangu akakigeuza kuwa lugha ya kwao. Na kwa kuwa kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali, mama hakumwelekea mume wangu alipozungumza, alinielekea mimi au ukuta. Isitoshe, kwa Kigusii mama huitwa "baba." Mama mkwe alinisikia nikimwita mama yangu "baba" mchana kutwa, akamuuliza mwanawe kwa siri kama ametafsiriwa vibaya, au yule aliyevaa gauni ni mwanamume. Alipoelezwa, aliamua hilo ndilo jina, naye akaanza kumwita baba. Mama alifurahi kupita kiasi. Waliketi nyuma ya jikoni wakimenya ndizi, "baba" mmoja akimwonyesha mwenzake jinsi ya kupaka mafuta mikononi utomvu usishike.

Siku ya pili mama mkwe alipikiwa chinsaga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha. Alionja, akafunga macho kwa ule uchungu, akameza, akaongeza. Kisha akaweka kijiko chini, akazungumza kwa muda mrefu akinitazama mimi. Mume wangu alichelewa kutafsiri.

"Anaomba radhi," akasema. "Kwa ajili ya nchi yake. Anasema aliona aibu siku ile kuliko siku yoyote."

Nilishika mkono wa mama mkwe. "Mwambie yeye hakunirudisha. Mwambie yeye ndiye aliyekuja."

Mama, ambaye hakuwa ameelewa lolote, aliuliza ukutani, "Mbona mgeni analia? Chumvi imezidi?"

Alipaswa kukaa miezi mitatu. Nyonga ilipenda jua letu. Ndani ya nyumba aliacha kutumia fimbo, akaishika mteremkoni tu. Alijua majina ya ng'ombe wetu wote, na wateja wangu walimzoea akiketi kwenye benchi dukani, akisalimia kila mtu "bwakire," salamu ya asubuhi, hata ikiwa jioni. Siku zake zilipokaribia kwisha, mwanawe alimuuliza anataka nini. Alisema anataka kuona wimbi likivunwa.

Basi tukaenda ofisi ya uhamiaji mjini Kisii kuomba aongezewe muda. Tulikuwa wanne, kwa sababu mama yangu alikataa kubaki. Alivaa viatu vya kanisani. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza alipitia karatasi, akamwuliza mume wangu maswali ya kawaida, kisha akainua kichwa akatuangalia sote.

"Mwenyeji wa mgeni huyu ni nani?"

Nilifungua mdomo kujibu. Mume wangu naye akafungua wake. Lakini mama alikuwa ameshasimama, mkoba kifuani, na kwa Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Mimi. Huyu yangu. Analala kwangu, anakula kwangu."

"Na atakaa mpaka lini, mama?"

Mama alimgeukia mama mkwe, kana kwamba wangeelewana bila sisi, na nadhani walielewana, kwa maana yule mwingine alitikisa kichwa kukubali kabla hata ya kutafsiriwa.

"Mpaka wimbi litoke shamba," mama akasema. "Halafu atakuja tena."

Kijana alitabasamu, akavuta muhuri wake.